Kozi ya wikiendi ya jiografia ya miji hapa Dar: 75,000 yangu imeenda wapi

Mi ni muuza vifaa vya ujenzi, duka langu lipo njia ya Goba, nauza saruji, nondo, bati, mabomba, vitasa, rangi na vikorokoro vyote unavyovijua, kwaiyo msitegemee niandike kama profesa. Kozi yenyewe ni ya siku mbili. Jumamosi mnakaa darasani kwenye ukumbi mmoja ivi maeneo ya Mwenge, Jumapili mnapanda Coaster mnazungushwa mji kuanzia Posta katikati ya jiji mpaka kule mkoa unakoishia. Bei ni 75,000, ndani yake kuna notsi, chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Wanaoiendesha ni vijana waliosoma jiografia na mipango miji, jina lao siliweki hapa kwa sababu nina malalamiko mawili matatu na sitaki tuharibiane riziki, ila tangazo lao linazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya viwanja, ukiuliza utaelekezwa.

Mi nilienda na shida moja tu, nataka kufungua duka la pili na sijui mji unaelekea wapi. Wengine darasani walikuwa wanafunzi wa chuo, madada wawili wa benki, mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, na mzee mmoja mstaafu wa ardhi ambaye kila mwalimu akisema kitu yeye anaguna. Huyo mzee alikuwa burudani peke yake.

Asubuhi ya Jumamosi wakaanza na majiji ya dunia. Mwalimu ni dada mmoja mpole ila akishaanza kuongea hasimami, akauliza, jamani Kinshasa ina watu wengi kuliko London, mbona wakitaja majiji yanayoendesha dunia hamna anayeitaja Kinshasa? Watu kimya. Ndo akaeleza kwamba wanajiografia waliacha zamani kupima jiji kwa vichwa vya watu peke yake. Kuna jamaa anaitwa John Friedmann, mwaka 1986 akasema tuangalie jiji linashika nafasi gani kwenye uchumi wa dunia, maamuzi yanatokea wapi na nani anayapokea. Alafu 1991 akaja mama mmoja Saskia Sassen akachukua miji mitatu, New York, London na Tokyo, akaonyesha kitu ambacho mi nilikuwa sijawahi kukiwaza: viwanda vilivyozidi kutawanyika, vikatoka kule vikaenda Asia na kwingine, ndo kazi ya kuvisimamia ikazidi kujikusanya sehemu chache. Maana ukiwa na kiwanda nchi kumi unahitaji mwanasheria, mhasibu, mtu wa benki, mtu wa bima, mtu wa matangazo, na hao wote wanapenda kukaa jirani jirani. Kwaiyo jiji la dunia kwa hesabu ya Sassen ni pale hao watu walipojazana.

Kuanzia 1998 kuna kundi la watafiti Uingereza, Chuo cha Loughborough, lilianzishwa na Peter Taylor, wao wanafanya kitu cha kimahesabu zaidi. Wanachukua makampuni makubwa ya uhasibu, sheria, mabenki, matangazo, wanaangalia kila kampuni ina ofisi mji gani na ofisi hiyo ni kubwa kiasi gani, alafu wanapata mtandao wa mji gani umeungana na mji gani. Mwisho wanagawa madaraja ya alfa, beta, gama, London na New York wanakaa juu kabisa peke yao. Mwalimu alieleza vizuri sana hapa, alitumia majengo ya Posta, akasema ukisimama pale karibu na Benki Kuu ukahesabu vibao vya makampuni ya nje ya uhasibu na sheria, hapo unafanya kwa mkono kile wanachofanya Loughborough kwa kompyuta.

Sasa hapo ndo yule mama wa Kariakoo akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mimi Guangzhou naijua kuliko Dodoma, nina wateja kutoka Lubumbashi, Lusaka, Comoro, wote wananifuata dukani. Kwenye hiyo hesabu mimi nipo wapi?" Mwalimu akacheka, akamwambia mama, haupo. Kwa sababu hauna kampuni ya uhasibu. Ukumbi mzima ukalipuka.

Kiukweli hiyo dakika tano ndo ilinifanya nisijutie hela. Maana mwalimu akatoka pale akaenda kwa Jennifer Robinson, huyu mwaka 2006 alisema wazi kwamba ukiipanga miji ya dunia kwenye ngazi, wa juu na wa chini, basi miji mingi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini unaifanya isionekane au unaiona ni mapungufu matupu, wakati kila mji una njia zake za kuungana na dunia na kila mji unastahili kusomwa wenyewe kama mji wa kawaida. Mi nikajiangalia. Vitasa vyangu vinatoka China, mabomba ya maji ya sinki China, taa China, vinakuja kwenye kontena ambalo watu kadhaa wa Kariakoo wamechangiana, vinashukia bandarini, ambako tangu mkataba wa Oktoba 2023 kampuni ya DP World ya Dubai inaendesha sehemu ya gati, vinaenda Kariakoo, vinakuja kwangu Goba, vinaishia kwenye mlango wa mwalimu wa shule ya msingi anayejenga vyumba vitatu Madale. Hiyo safari ya kitasa kimoja ina China, Dubai, Kariakoo na Madale ndani yake. Nikasema kumbe hii mada ya asubuhi na ile ya mchana, yaani majiji ya dunia na mji kupanuka nje, ni mada moja. Bahati mbaya walimu wenyewe hawakuiunganisha, wakafunga asubuhi, tukala, mchana wakaanza upya kama vile ni kozi nyingine. Hilo ni lalamiko langu la kwanza.

Mchana ulianza vibaya. Zaidi ya saa nzima tukawa tunachora miduara. Mwaka 1925 Ernest Burgess wa Chicago alisema mji unakua kwa mizunguko, katikati biashara, unafuata ukanda wa waliohamia karibuni na maskini, alafu wafanyakazi, alafu wenye nazo, nje kabisa wale wanaokuja mjini asubuhi na kurudi jioni. 1939 Homer Hoyt akasema hapana, mji unakatika vipande vinavyofuata barabara na reli. 1945 Harris na Ullman wakasema mji una vitovu vingi. Haya yote unaweza kuyasema kwa dakika kumi na tano, wao wakatuchoresha kwenye makaratasi kama darasa la saba, projekta ikazima mara kwa mara, slaidi nyingi ni za Kiingereza tupu na maandishi madogo, feni ya ukumbi inapiga kelele mpaka mwalimu anapotea. Mzee mstaafu alilala kabisa.

Alipoamka ndo akatusaidia. Alisema, "Mwanangu, hiyo miduara ya Chicago imetengenezwa na bei ya kiwanja. Dar miduara iliwekwa na serikali." Ni kweli kabisa, na wote tunaijua ila hatujawahi kuiwaza ivyo: Wajerumani na baadae Waingereza waligawa mji kwa rangi, Uzunguni huko kuelekea Oysterbay, Uhindini pale katikati, Uswahilini Kariakoo, na ile Mnazi Mmoja ikaachwa wazi ili itenganishe Waafrika na wengine. Kwaiyo ukimchukua Burgess ukamleta hapa bila kujua hilo unapotea mapema. Hoyt angalau anakaa kidogo, maana Dar imenyooka kama vidole, Bagamoyo Road, Morogoro Road, ile ya Pugu inayopita uwanja wa ndege na Kilwa Road, alafu katikati ya vidole watu wamejaza taratibu wanavyopata njia. Mzee asingesema hayo, mchana ule ningeupa sifuri.

Baada ya hapo wakaingia kwenye mji kupanuka nje na hapo wakaamka. Walianza na Marekani, Levittown ya New York, 1947, kampuni ya kina Levitt ilinunua mashamba ya viazi Long Island ikajenga nyumba zaidi ya elfu kumi na saba zinazofanana, mtindo wa kiwandani, kila fundi anafanya kazi moja anahamia nyumba inayofuata. Wanunuzi wengi walikuwa askari waliotoka vitani, walipata mikopo yenye dhamana ya serikali, na mikataba ilikataza watu weusi kukaa humo. Baadae sheria ya barabara kuu ya 1956 ikafungua nchi nzima magari yakimbie. Kwaiyo kule nje ya mji kulitengenezwa na benki, serikali, barabara na ubaguzi, vyote kwa pamoja. Alafu wakaonyesha Paris ambako mambo ni kinyume, magorofa makubwa ya nje ya mji ndo wanakaa wahamiaji na watu wa kipato cha chini, matajiri wengi wamebaki ndani. Pointi yao ni kwamba huko nje ya mji kila nchi kunatengenezwa kivyake, ndo maana siku hizi watafiti wameacha kuchukulia Marekani kama kipimo cha wote.

Na Dar? Dar benki haihusiki sana, barabara inakuja ya mwisho, na nyumba inajengwa na mwenyewe kwa mshahara, kwa kikoba, kwa mkopo wa kazini, kwa hela ya mahari ya binti. Nilitegemea hapa watuulize sisi tulio ndani, hawakuuliza, kwaiyo naandika hapa bure.

Mi mtaa nausoma kwenye daftari la mauzo. Mtaa ukiwa mpya kabisa nauza saruji na nondo za milimita kumi na mbili tu, na watu wananunua mifuko mitano mitano, sio hamsini. Hapo ujue wanaweka msingi na kupiga tofali wenyewe pale pale kiwanjani. Ikikaa mwaka mmoja miwili nondo zinaendelea kwa ajili ya lenta, alafu kuna kimya, maboma yanasimama majani yanaota ndani, wenyewe wanatafuta hela ya bati. Mauzo ya bati na mbao yakianza kupanda ujue watu wamechoka kodi na wanataka kuhamia. Na watu wa Dar wanahamia nyumba haina dirisha, wanaziba kwa turubai au mabati mabovu, chumba kimoja ndo kina mlango. Baada ya hapo ndo vinakuja vitasa, waya za umeme, matanki ya maji, sinki. Vigae na rangi na jipsam vya dari vinakuja mwishoni, miaka mingi baadae, na siku hizi vigae vingine vinatengenezwa hapa hapa nchini, Mkuranga na Chalinze. Ukiona naleta nyaya za umeme za juu ya ukuta na geti la kuslaidi basi mtaa umeshakuwa wa watu, na viwanja bei haikamatiki tena. Hakuna setilaiti inayoona hayo. Setilaiti inaona bati. Haijui kama chini ya bati kuna vigae au kuna mtu amelala kwenye sakafu ya vumbi.

Walimtaja Claire Mercer wa London School of Economics ambaye ameitafiti Dar hii hii, pembezoni kwa upande wa kaskazini, na anachosema kinafanana na daftari langu, kwamba tabaka la kati hapa halihamii tu nje ya mji, linajitengeneza kwa kujenga, ile nyumba yenyewe, ukuta, geti, ndo inamfanya mtu ajione na aonekane kafika. Nikamwambia jirani yangu wa kiti, huyu mama angekuja dukani kwangu angemaliza kazi wiki moja.

Pia walimtaja Profesa Wilbard Kombe wa Chuo Kikuu Ardhi, ambaye ameandika mengi kuhusu ardhi isiyopimwa, namna mjumbe, serikali ya mtaa, muuzaji na mnunuzi wanavyopanga mji wenyewe kabla ya halmashauri kufika. Hapa walienda haraka mno na mi naona ndo pangekuwa moyo wa kozi. Mfano mmoja: mwenye shamba anakata viwanja vya ishirini kwa ishirini, kila anayenunua anataka kiwanja chake kiwe kizima, barabara inabaki ile ya kupita mtu na bodaboda. Miaka mitano mbele mteja ananipigia, mzee leta mchanga, naleta Canter, Canter haipiti. Mchanga unamwagwa barabarani mbali, vijana wanabeba kwa ndoo, gharama inapanda. Ikitokea moto au mgonjwa ni stori ile ile. Ukienda kwenye maeneo ya ule mradi wa viwanja elfu ishirini wa miaka ya 2000, Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, unaona tofauti mara moja, barabara zipo hata kama ni za vumbi, na Canter inafika mlangoni.

Jumapili sasa. Kama hela yangu ina thamani basi thamani yake yote ipo Jumapili. Tukakutana kwenye sanamu ya Askari saa moja asubuhi, tukaondoka karibu saa tatu kwa sababu ya watu wa Dar kuja kama wanavyojisikia, na mwandaaji hana ubavu wa kuwaacha. Tukapita Mnazi Mmoja, Kariakoo, tukashuka Jangwani wakatuonyesha bonde la Msimbazi na kutueleza habari za Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ardhi walikaa na wananchi wa mitaa wakachora ramani za nyumba, mitaro na njia, wakarusha na droni, ili ijulikane maji yakija yanaingia wapi. Nimeipenda hii kuliko London na New York zote. Mjumbe anayeijua mitaro ya mtaa wake anakaa na kijana mwenye simu, wanachora, ramani inawekwa wazi kwenye intaneti na mtu yeyote anaitumia.

Morogoro Road tukapanda nayo mpaka Ubungo, Kimara, Mbezi. Mwalimu alionyesha namna njia moja inavyovuta mji wote nyuma yake: mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 yakaishia Kimara, 2017 nyumba za pembeni kuelekea Kiluvya zikavunjwa kupisha upanuzi wa barabara, 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ikatoka Ubungo ikaja Mbezi Luis. Kila kimoja kilihamisha biashara, fremu, madalali na bodaboda. Harris na Ullman wa jana sasa wakaanza kueleweka, maana Mbezi Mwisho ukisimama pale jioni huwezi kusema ni pembeni ya kitu chochote. Watu wanatoka Msakuzi, Makabe, Kibamba wanakuja Mbezi na kurudi, Posta wanaisikia kwenye redio.

Tukaingia Goba, nikawaonyesha duka langu dirishani hamna aliyejali, tukaenda Madale. Tukashuka kumsalimia mjumbe mmoja mzee sana, shikamoo nyingi, akatukalisha chini ya mwembe akasema hapa palikuwa mihogo na mikorosho, kiwanja cha kwanza aliuza kwa sababu ya msiba, cha pili ada ya mtoto, baadae wakaanza kumfuata wenyewe. Dada mmoja wa benki akamuuliza, "Mzee wangu, na hao walionunua wanatoka wapi?" Akajibu wanatoka mjini. Sinza, Mwananyamala, Magomeni, wapangaji waliochoka kodi. Hawatoki kijijini. Mwalimu akaruka, akasema jamani mmesikia, mji haukui kwa watu wa mikoani peke yao, unakua kwa watu wa mjini kusukumana nje. Hapa alitulia, akatuacha tuulize maswali, na ndo alikuwa mwalimu mzuri kuliko siku nzima ya jana.

Kituo cha mwisho kilikuwa Mapinga, baada ya kupita Wazo kwenye kiwanda cha saruji na kuvuka Bunju. Mapinga ni Bagamoyo, mkoa wa Pwani, lakini ukipita hujui umevuka wapi, maduka ni yale yale, tofali ni zile zile, daladala inaendelea. Hapo wakatoa namba za sensa. Dar mwaka 2012 ilikuwa na watu 4,364,541, mwaka 2022 ikawa 5,383,728. Pwani ilitoka 1,098,668 ikafika 2,024,947. Yaani Dar imeongezeka kama asilimia 23, Pwani asilimia 84. Kasi ya Dar ilikuwa asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya 2002 na 2012, ikashuka 2.1. Sasa mtu akisoma gazeti atasema Dar imepoa. Imepoa wapi, wakati tumesimama Mapinga tumezungukwa na maboma? Mji umevuka mstari wa mkoa, mstari ukabaki pale pale. Mwalimu alionya pia tusikimbilie, Pwani kuna viwanda Kibaha na Mkuranga vinavuta watu wenyewe, kuna wilaya za mbali ambazo hazihusiani na Dar, kwaiyo sio wote hao milioni kasoro ni wa kwetu. Nimependa alivyosema ivyo badala ya kutulisha jibu tamu.

Na ndo akaeleza kwanini watafiti wanahangaika na mipaka. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikubali njia moja ya kupima ambayo haiangalii mipaka ya serikali kabisa. Unaigawa nchi kwenye miraba ya kilomita moja kwa moja, unahesabu watu kila mraba, miraba iliyogusana yenye watu kuanzia 1,500 kila mmoja, ikifikisha jumla ya watu 50,000 basi hilo ni jiji, hata kama lipo mikoa miwili. Kwa njia hiyo Mapinga, Vikindu, Kiluvya zinaweza kuhesabika ndani ya Dar kutegemea watu wamejazana kiasi gani. Swali langu nilimuuliza pale pale, hiyo miraba itanisaidia kujua nifungue duka wapi? Akasema itakuonyesha watu walipo, haitakuonyesha watakapokuwa, hilo waulize madalali.

Sawa. Mbona sasa kwenye kozi hamna dalali hata mmoja? Kama madalali ndo wanajua, mlipeni mmoja aje aongee nusu saa, au fundi, au muuza viwanja wa Kerege, kule kule Bagamoyo. Mji huu unasukumwa na dalali mwenye simu mbili na pikipiki, na kozi nzima ya watu wanaosomea mji imemtaja kama utani wa mwisho wa safari.

Mengine madogo. Chakula cha Jumamosi kizuri, wali na kuku, Jumapili kilikuja saa kumi jioni, baridi, watu wameshajaza matumbo na mihogo ya kukaanga ya barabarani Tegeta. Coaster ilijaa mpaka viti vya kukunja katikati, na kipaza sauti hakifiki nyuma, waliokaa nyuma walikuwa wanasikia "Burgess" na "hapa zamani" basi. Notsi walizotoa ni nzuri kwa mwanafunzi, kwa mtu kama mi ni ngumu, watafsiri zote. Kuchelewa kuondoka nimeshasema.

Mwanafunzi wa form six anayechukua jiografia aende bila kufikiria, atapata kwa siku mbili kitu ambacho kitabu hakimpi. Anayetafuta kiwanja asitegemee kuambiwa kiwanja kiko wapi, ila ataacha kudanganywa na neno "karibu na lami". Mfanyabiashara kama mi, ruka Jumamosi mchana ukaendelee na kazi zako, rudi Jumapili. Nimewapa nyota tatu na nusu, tatu za Jumapili na nusu ya yule mama wa Kariakoo na mzee mstaafu ambao kwa haki walipaswa kulipwa wao.

Duka la pili nimeshaanza kuulizia fremu upande wa Kerege. Na wamesema wanaandaa safari nyingine ya Kilwa Road, Mbagala, Kongowe mpaka Vikindu, upande ambao watu wengi wa Bagamoyo Road hatuujui kabisa na ndo wamejaa wengi. Wakiiuza Jumapili peke yake kwa 40,000, wakaweka na dalali wa Vikindu mwenye kipaza sauti kinachofika nyuma, nalipa leo leo.